Ajira kampuni za ukaguzi wa hesabu: Usilifiche duka la mama

Na Mwandishi Wetu, Kigali

KATIKA familia nyingi zinazoishi kwa biashara ya mpakani, ada ya chuo kikuu haitoki benki. Inatoka kwenye mtaji. Ni gunia la mchele lililovuka Rusumo, ni kreti za nyanya zilizoshushwa Rubavu, ni mkopo wa kikundi cha kina mama uliorejeshwa kwa taabu. Siku mtoto anapovaa joho, nyumba nzima huamini kwamba mtaji huo sasa utaanza kurudi.

Hapo ndipo wengi hugundua kwamba shahada ni tiketi ya kuingia kwenye foleni tu. Na miongoni mwa foleni zinazotamaniwa zaidi na wahitimu wa biashara, uchumi, sheria na hata uhandisi ni ile ya kampuni za ukaguzi wa hesabu, kodi na ushauri. Nne kati yake zinajulikana dunia nzima: Deloitte, PwC, KPMG na EY. Zote zina ofisi Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na hapa Kigali. Chini yake zipo kampuni za kati na ndogo, za kimataifa na za wazawa, ambazo nazo huchukua vijana na kuwafundisha kazi.

Sababu ya kutamaniwa kwake inaeleweka. Kijana anayeingia huko hupata mshahara huku akisomea taaluma. Anafanya kazi mchana, anasoma usiku, na baada ya miaka michache anaweza kuwa mhasibu aliyesajiliwa. Bodi ya wahasibu ya ACCA yenye makao yake Uingereza, kwa mfano, haimpi mtu uanachama kamili kwa kufaulu mitihani peke yake. Anatakiwa pia kuwa na miezi 36 ya kazi ya vitendo. Miezi hiyo ndiyo inayopatikana ndani ya kampuni za aina hii.

Makala haya yanaeleza hatua anazopitia mwombaji, na hasa yanamwangalia kijana wa aina mbili ambao hawazungumzwi sana: yule aliyerejea nchini akiwa amesomea ugenini, na yule aliyekulia nyuma ya kaunta ya duka la mpakani. Wote wawili huwa na tabia moja inayowaangusha. Wanaficha kile ambacho kingewasaidia.

Hatua ya kwanza: Fomu na vyeti

Maombi siku hizi hujazwa kwenye intaneti. Fomu huuliza masomo, madaraja, lugha, kazi ulizowahi kufanya na sababu ya kuitaka nafasi hiyo. Wanaosoma fomu hizo mwanzoni ni watu wa idara ya utumishi, na mara nyingine ni programu ya kompyuta inayotenga zile zisizotimiza vigezo. Kigezo cha kawaida katika kanda hii ni daraja la kwanza au la pili la juu.

Kwa aliyesoma nje, tatizo huanzia hapo, maana madaraja hayafanani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huhesabu daraja la pili la juu kuanzia wastani wa 3.5 kati ya 5. Makerere huanzia 3.6. Kwa hiyo wahitimu wawili wenye 3.5 wanaweza kuwa kwenye madaraja mawili tofauti, mmoja juu na mwingine chini, ingawa namba ni ile ile. Anayetoka Kongo ana jambo lake jingine. Katika mfumo wa zamani wa vyuo vya huko, miaka mitatu ya kwanza ilimpa mwanafunzi cheti cha graduat, kisha miaka miwili zaidi ndiyo ikampa licence. Mwenye graduat peke yake akijiandikia kwamba ana shahada kamili, ataulizwa maswali, na huenda akaonekana mwongo hata kama hakukusudia.

Ushauri hapa ni mmoja: andika daraja kama lilivyo kwenye cheti chako, taja kipimo cha chuo chako, na usijibadilishie namba mwenyewe. Kazi ya kulinganisha shahada ina ofisi zake. Hapa Rwanda ni Baraza la Elimu ya Juu, HEC. Uganda ni NCHE, na Tanzania ni TCU. Karatasi ya ulinganisho huchukua muda, na mara nyingi hudai nakala za matokeo kutoka chuo ulichosoma, wakati mwingine ng'ambo ya mpaka ambao siku hiyo umefungwa. Wanaokumbuka jinsi Gatuna ilivyofungwa Februari 2019 na kubaki hivyo hadi Januari 2022 hawahitaji kuelezwa zaidi. Anayengoja tangazo la kazi litoke ndipo aanze kutafuta karatasi, huyo amekwisha kuchelewa.

Lipo pia suala la majina. Mtoto aliyesoma Ngara au Karagwe kwa jina moja, kisha familia ikarejea mwaka 2013 wakati Tanzania ilipowaondoa Wanyarwanda wengi, anaweza kuwa na cheti cha shule chenye jina hilo na kitambulisho cha taifa chenye jina jingine. Kampuni hizi huhakiki vyeti kabla ya kuajiri, kwa sababu biashara yao ni kuhakiki. Tofauti ya herufi mbili tu inaweza kuchelewesha ajira iliyokwisha kupatikana. Kurekebisha majina kisheria ni kazi ya kufanywa mapema, si wiki ya kuripoti kazini.

Sehemu ya kazi ulizowahi kufanya

Ni katika fomu hiyo hiyo ndipo mtoto wa mfanyabiashara hujipiga mwenyewe. Akifika kwenye nafasi ya kazi alizowahi kufanya, huandika "hakuna". Mwenzake aliyekaa miezi miwili kwenye ofisi ya mjomba akitoa fotokopi huandika kwamba ana uzoefu wa kazi. Huyu wa duka, aliyehesabu mali kila Jumamosi kwa miaka sita, anaona aibu.

Tuangalie kwanza mkaguzi wa hesabu hufanya nini. Mwaka wake wa kwanza hupita zaidi kwenye kulinganisha: daftari linasema kuna magunia 400 ghalani, je, yapo? Ankara inasema bidhaa ililipwa, je, fedha zilitoka? Mteja anasema anadaiwa kidogo, je, wanaomdai wanasema hivyo hivyo? Huenda ghalani, huhesabu, huuliza, huandika alichokiona, kisha humpelekea mkubwa wake.

Kijana aliyeshika daftari la madeni la mama yake amefanya karibu yote hayo. Aliyesimama forodhani na mzigo mdogo anajua kwamba ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuna utaratibu mwepesi kwa shehena isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, wenye cheti rahisi kinachothibitisha kwamba bidhaa imetoka ndani ya Jumuiya. Aliyewahi kujaza cheti hicho amekwisha kukutana na sheria ya biashara katika umbo lake halisi. Hicho ni kitu ambacho mwenzake amekisoma kitabuni tu.

Kinachotakiwa ni kukiandika kwa lugha ya kazi. Badala ya "nilikuwa namsaidia mama dukani", andika kwamba kuanzia mwaka fulani hadi fulani ulisimamia daftari la mauzo na madeni la biashara ya familia, ulihesabu mali kila wiki, na ulipatanisha fedha za nchi mbili. Taja ukubwa wa kweli wa biashara. Kama ni kibanda, sema kibanda. Usikigeuze kuwa kampuni, kwa sababu utaulizwa.

Hatua ya pili: Mitihani ya saa

Wanaopita fomu huitwa kwenye mitihani ya kupima uwezo wa kufikiri. Mara nyingi huwa mitatu: wa hesabu, wa kusoma na kuelewa, na wa mantiki ya maumbo au mifululizo. Hufanywa kwenye kompyuta, na muda wake ni mfupi makusudi, mara nyingi kama dakika moja hivi kwa swali. Hapa huanguka hata waliopata daraja la kwanza, kwa sababu wamezoea mtihani wa saa tatu.

Hesabu zenyewe si ngumu. Ni asilimia, uwiano, kubadilisha fedha na kusoma jedwali. Chukua swali la aina hii: mfanyabiashara amenunua magunia 120 ya mchele kwa faranga 60,000 kila moja. Magunia 5 yamelowa yakaharibika. Yaliyobaki ameuza kwa faranga 69,000 kila moja. Faida yake ni asilimia ngapi ya gharama?

Mwenye haraka ataona 60,000 imekuwa 69,000 na kujibu asilimia 15. Na jibu hilo litakuwepo kwenye orodha, limewekwa hapo kumngojea yeye. Lakini gharama ni faranga 7,200,000, na magunia 115 yameleta 7,935,000. Faida ni 735,000, yaani asilimia 10 na kidogo. Mama yeyote wa Rusumo angekumbuka yale matano yaliyolowa kabla ya kitu kingine chochote, maana ndiyo yaliyomuuma. Mtoto wake naye anayakumbuka, mradi asishtuke kwa saa inayokimbia juu ya kioo.

Dawa ya mshtuko huo ni mazoezi. Majaribio ya bure yapo mengi kwenye intaneti, na wiki tatu za kufanya nusu saa kila siku huleta tofauti. Fanyia mahali penye umeme na mtandao wa uhakika. Anayefanya mtihani halisi kwa simu sokoni, na salio la data likiwa linaisha, amejitia hasara mwenyewe. Aidha, usimpe mtu mwingine akufanyie. Kampuni nyingi humrudisha mwombaji kwenye mtihani wa pili ofisini kwao, mbele ya msimamizi, na alama zikitofautiana sana safari huishia hapo.

Hatua ya tatu: Meza moja, watu sita

Wanaofaulu huitwa kwa siku nzima au nusu siku. Huwekwa katika makundi madogo na kupewa habari za kampuni ya kubuni yenye tatizo: maghala matatu, moja linapata hasara, fedha ni za kutosha kwa mpango mmoja tu. Kundi linapewa muda wa kusoma, kujadiliana na kutoa pendekezo. Pembeni wamekaa watu wazima wenye karatasi, kimya, wakiandika.

Vijana wengi hudhani kwamba anayezungumza sana ndiye anayeshinda. Sivyo. Wanaoandika pembeni wanaangalia nani amesoma karatasi vizuri, nani amemsikiliza mwenzake, nani ametazama saa, nani amebadili mawazo baada ya kupewa sababu. Anayewakatiza wenzake huandikiwa hilo. Anayenyamaza kuanzia mwanzo hadi mwisho hana kitu cha kuandikiwa, naye huondoka hivyo hivyo.

Hili la kunyamaza huwapata hasa wale waliolelewa kwamba kijana hasemi mbele ya wakubwa. Ni adabu nzuri nyumbani, na hapa hakuna anayekutaka uivunje. Unatakiwa kusema machache yenye uzito, kwa mfano: "Nakubaliana na dada kuhusu ghala la pili, ila karatasi ya nne inaonyesha kodi ya pango inapanda mwakani." Sentensi mbili za namna hiyo zinazidi hotuba.

Hatua ya nne: Usaili wa wakubwa

Mwishoni mwombaji hukaa na meneja, na pengine na mbia mmoja wa kampuni. Maswali yao mara nyingi huanza na "tueleze wakati fulani ambapo". Tueleze wakati ulipokosana na mwenzako. Tueleze wakati ulipogundua kosa. Wanataka kisa kimoja cha kweli chenye mambo manne: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa nini, ulifanya nini wewe mwenyewe, na matokeo yakawaje. Anayejibu kwa jumla kwamba "mimi ni mchapakazi na napenda ushirikiano" hajajibu kitu.

Kijana wa mpakani ana visa vya kutosha. Mteja aliyekana deni na jinsi daftari lilivyomaliza ubishi. Mzigo uliokwama kwa kukosa karatasi moja. Siku thamani ya fedha ilipobadilika ghafla na bei zikalazimika kupangwa upya kabla ya jioni. Avichague visa vitano au sita, avifanyie mazoezi kwa sauti, na avieleze kwa dakika mbili mbili.

Swali moja karibu halikosekani, nalo ni la uaminifu. Ungefanya nini mkubwa wako akikutaka ubadilishe namba? Lina historia nyuma yake. Zamani makampuni makubwa ya ukaguzi duniani yalikuwa matano. La tano, Arthur Andersen la Marekani, lilianguka mwaka 2002 baada ya kashfa ya mteja wake, kampuni ya nishati ya Enron, na maelfu ya wafanyakazi wasiohusika walipoteza kazi. Tangu hapo kila mbia anajua kwamba saini moja ya uongo inaweza kuzamisha jahazi zima. Jibu linalotakiwa ni la mtu anayejua hatua: kuuliza kwanza, kuandika alichokiona, kukipeleka ngazi ya juu, na kukataa kutia saini.

Hapo pia utaulizwa, "Na wewe una swali?" Kusema huna ni kupoteza nafasi. Uliza ni nani atakayekusimamia mwaka wa kwanza, au kampuni inasaidiaje ada za mitihani ya taaluma. Uliza pia miezi ya kazi nyingi ikoje. Kwa hapa Rwanda, tamko la kodi ya mapato ya mwaka huwasilishwa kabla ya Machi 31 kwa wenye mwaka wa hesabu unaoishia Desemba, kwa hiyo miezi ya mwanzo wa mwaka ni ya kukesha. Ni vizuri familia ijue mapema kwamba kijana hatapatikana kila mwisho wa wiki kusaidia dukani.

Lugha na mipaka

Mitihani na usaili katika ofisi za kanda hii huwa kwa Kiingereza zaidi. Aliyesomea Bujumbura au Bukavu kwa Kifaransa anahitaji mazoezi ya ziada ya kusoma haraka, lakini asiifute lugha yake kwenye fomu. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na kampuni yenye wateja pande zote inamhitaji mtu anayeweza kusoma mkataba wa Kifaransa asubuhi na kuzungumza na mtunza ghala kwa Kiswahili mchana. Kiswahili nacho ni lugha rasmi hapa nchini tangu mwaka 2017. Kiandike.

Kuhusu kufanya kazi nchi jirani, Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 1, 2010, na mwaka 2011 bodi za wahasibu za nchi za Jumuiya zilitia saini makubaliano ya kutambuana. Hata hivyo, makubaliano hayo ni ya wahasibu waliokwisha kufuzu, na itifaki haijaondoa kibali cha kazi. Mhitimu anayeomba Kampala akiwa na pasi ya Rwanda bado atahitaji kibali, na aulize mapema kama mwajiri atakishughulikia.

Asiyedaiwa hata faranga moja

Pahala penye watu wenye fedha taslimu na hamu ya kazi, matapeli hawako mbali. Hupiga simu wakisema wametoka kampuni fulani kubwa, kijana amechaguliwa, inatakiwa ada ya usajili, ya vipimo vya afya au ya sare, itumwe kwa simu kabla ya jioni. Wengine huja kama marafiki wanaomfahamu mkubwa ndani.

Mzazi akumbuke jambo moja. Kampuni hizi hazimtozi mwombaji fedha katika hatua yoyote, si kwenye fomu, si kwenye mtihani, si kwenye barua ya ajira. Barua pepe zao hutoka kwenye anwani ya kampuni yenyewe. Ukipata ujumbe wenye shaka, tafuta namba ya ofisi mwenyewe, usitumie ile iliyo kwenye ujumbe, kisha piga uulize. Ni dakika tano zinazoweza kuokoa mtaji wa mwaka.

Ukikataliwa

Wengi watakataliwa, na barua haitaeleza sababu. Mara nyingi inaruhusiwa kuomba tena baada ya muda, hasa mzunguko wa mwaka unaofuata, kwa hiyo kukataliwa mara moja hakufungi mlango. Wakati huo mwombaji aangalie kampuni za kati na ndogo zilizosajiliwa na bodi ya wahasibu, ICPAR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Huko kijana mmoja hugusa kazi nyingi kwa mwaka, na akiwa amefaulu mitihani michache ya taaluma, makampuni makubwa humwona kwa jicho jingine.

Anaweza pia kuanza na kile kilichopo. Alifungulie duka la mama vitabu vya hesabu vinavyoeleweka: mauzo, manunuzi, madeni, mali iliyopo, kila wiki. Mama atajua kama anapata faida kweli au anazungusha fedha tu. Na kijana, fomu ya mwakani itakapouliza kazi aliyofanya, atakuwa na mwaka mzima wa kuandika.